Pioneer DDJ-FLX4 kwa DJ anayeanza kazi Uganda: igeuze uitazame mgongoni kwanza

Mwambie muuzaji wa vyombo vya muziki mjini Kampala kwamba unataka kuanza kazi ya DJ, na mara nyingi atakuwekea mezani Pioneer DDJ-FLX4, kontrola ya kuchanganyia muziki ulio kwenye laptopu. Ataiwasha, taa za pedi zitawaka, na atakuonyesha wimbo mmoja ukiingia ndani ya mwingine bila kujikwaa. Hayo yote mashine inayafanya vizuri. Ila kabla hujatoa hela, igeuze. Utaona matundu mawili ya duara ya RCA ya kutoa sauti, la kushoto na la kulia, tundu moja la maikrofoni, na USB. Basi. Huko mgongoni ndiko kazi ya kulipwa inakopatikana au kupotea, wala si kwenye taa za mbele.

Tathmini hii ni ya mtu anayetaka kulipwa: Ijumaa kafunda (baa ndogo ya mtaani) ya Najjera, Jumamosi harusi Mukono, mwezi ujao kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa) Masaka. Jibu letu ni kwamba FLX4 ni kontrola nzuri kuliko zote tunazozijua za kuanzia kwa bei yake, kwa sharti moja: usimalizie hela zako zote juu yake. Bakiza za kisanduku cha DI cha njia mbili (kinachoandaa sauti isafiri kwenye kebo ndefu bila mvumo), mikisa ndogo ya kuunganishia sauti yenye njia sita au nane, kebo imara na hedifoni. Aliyenunua kontrola peke yake amenunua chombo cha mazoezi.

Ilitoka mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400 ya mwaka 2018. Bei yake ya mwanzo Marekani ilikuwa dola 299. Usitarajie kuipata Kampala kwa bei hiyo, maana kuna usafiri, ushuru na faida ya anayeileta. Ina uzito wa kilo 2.1 na upana wa sentimita 48 hivi. Upana huo una maana kwa anayepanda boda: begi la kawaida la laptopu halitoshi, na vichwa vya feida vikitokeza nje ya zipu vinang'oka. Tafuta begi lenye nafasi ya sentimita 50 kwa ndani, lenye sponji pande zote, na ulivae mgongoni badala ya kumkabidhi dereva aliweke mbele kwenye tangi.

Mpangilio wa vitufe umefuata mashine kubwa za klabu, zile CDJ na mikisa ya DJM. CUE na PLAY ziko chini kushoto mwa kila sahani (gurudumu la kuzungushia wimbo), kasi iko kulia, EQ ya bendi tatu (virungu vya sauti ya juu, ya kati na besi) iko katikati. Hiki ndicho kinachoiweka mbele ya kontrola nyingi za bei rahisi. Mikono ikishazoea hapa, siku ukipewa nusu saa kwenye klabu yenye CDJ hutababaika. Kila upande una pedi nane, za Hot Cue (alama za kurukia sehemu uliyochagua ya wimbo), Beat Jump, Sampler, Pad FX na nyingine ukishika SHIFT. Sahani ni nyepesi na ndogo. Hazikutengenezwa kwa kukwaruza sana, ila kwa kusukuma na kuvuta wimbo ukae kwenye mapigo zinatosha kabisa.

Kwa programu, FLX4 inafungua sehemu ya kupigia muziki ya rekordbox bila malipo mara unapoichomeka, na inakubali Serato DJ Lite pia. Chagua rekordbox. Sababu ni moja na inatosha: rekordbox ya bure inakuruhusu kupanga nyimbo, kuweka alama zako, kisha kuzipeleka kwenye fleshi inayosomwa na CDJ za klabu. Fleshi iwe ya FAT32, mfumo ambao CDJ zote husoma. Wimbo wa dakika nne wa MP3 ya kbps 320 unachukua karibu MB 10, kwa hiyo fleshi ya GB 64 inabeba zaidi ya nyimbo 6,000. Nunua mbili zinazofanana na uzijaze sawa. Fleshi hufa bila kuaga.

DJ wengi hapa wamezoea VirtualDJ, hasa kwa sababu ya video. (Uganda ukisema VJ watu wanafikiria mtu anayesimulia filamu kwa Kiganda. Anayechanganya video za muziki kwenye baa bado anaitwa DJ.) FLX4 inafanya kazi na VirtualDJ, lakini toleo la bure si la kazi ya kulipwa, na ukichomeka kontrola bila leseni inakukatia baada ya dakika kumi. Nakala za wizi zinazozunguka kwenye fleshi huja na virusi, na hujifunga ghafla katikati ya kazi. Kama baa yako inataka video, ingiza leseni kwenye hesabu zako tangu mwanzo. Hata rekordbox inataka kifurushi cha kulipia kwa video.

Sasa Smart Fader, ambayo muuzaji ataisifia kuliko vyote. Ukisukuma feida, programu yenyewe inapunguza besi ya wimbo unaotoka, inapandisha sauti ya unaoingia na kusogeza kasi ya mmoja kuelekea mwingine. Kwa amapiano juu ya amapiano, nyimbo zote zikiwa kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, inatoka safi. Kwa muziki wetu mwingine inaharibika, na ni vizuri kujua kwa nini. Kila kitu inachofanya kinategemea gridi, yaani mistari ya mapigo ambayo programu imeichora juu ya wimbo. Kadongo kamu (muziki wa gita wa Kiganda), rumba ya zamani ya Kongo, na rekodi za kadodi (ngoma za tohara za Wagisu) za huko Mbale zimepigwa kwa mkono, bila mashine ya kuhesabu. Kasi yake inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Gridi iliyonyooka itapatana na dakika ya kwanza kisha iachane na ngoma, na hapo Smart Fader na SYNC (kitufe cha kulinganisha kasi) zinaburuta wimbo wa pili kwenye mapigo ambayo hayapo.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Nyimbo za aina hiyo zichanganue kwa njia ya Dynamic badala ya Normal kwenye rekordbox, ili gridi ifuate mabadiliko ya kasi. Pili, usizichanganye kwa kulinganisha mapigo. Maliza wimbo kwa mwangwi wa Smart CFX (sehemu ya madoido ya sauti ya kontrola) kwenye mwisho wa mstari, kisha achia wimbo unaofuata kwenye kiitikio chake. Watu wanacheza zaidi kwa kiitikio wanachokijua kuliko kwa mchanganyiko mrefu ulioyumba.

Tazama pia kama programu imesoma kasi mara mbili au nusu yake. Singeli, ambayo inasikika sana huku tangu tamasha la Nyege Nyege lilipoanza Jinja mwaka 2015, inaweza kuwa na mapigo zaidi ya 200, na programu ikaandika 100 na kitu. Dancehall ya 98 na singeli ya 200 zinakaribiana ukizihesabu hivyo, na huo ni mlango mzuri wa kupita. Lakini kutoka dancehall ya 98 kwenda amapiano ya 112 ni pengo la zaidi ya asilimia 14. Hata Key Lock (inayozuia sauti kuwa nyembamba au nzito kasi ikibadilika) ikiwa imewashwa, sauti ya mwimbaji itatoka kama inapita kwenye maji. Hapo tumia mwangwi.

Mgongoni

Sauti inatoka kwa RCA tu. RCA haina kinga dhidi ya mvumo kama kebo ya XLR (ile ya pini tatu), kwa hiyo irefushe kidogo iwezekanavyo: mita tano ndiyo mwisho. Anayevuta RCA ya mita 15 kutoka meza ya DJ hadi kwenye amplifaya ng'ambo ya hema anavuna mvumo wa umeme, na simu ikilia karibu na kebo anaisikia kwenye spika. Njia sahihi ni kuweka kisanduku cha DI au mikisa palepale mezani, RCA fupi iingie hapo, kisha XLR ndiyo isafiri. XLR ya mita 30 haina shida.

Kosa moja linatia DJ wapya aibu sana, na chanzo chake ni kebo ndogo. Mtu anakuja na kebo ya RCA mbili inayoishia kwenye jeki moja ya stereo, anaichomeka kwenye tundu la njia moja la mikisa. Muziki unatoka, lakini mwimbaji hasikiki na besi imekufa. Anaanza kuzungusha EQ, analaumu spika, analaumu wimbo. Spika ni nzima. Tundu lile limetengenezwa kutoa tofauti kati ya nyaya mbili za jeki, na kila kilichorekodiwa katikati, yaani sauti ya mwimbaji na besi, kiko sawa kwenye nyaya zote mbili. Kwa hiyo kinajifuta. Dawa ni kebo ya RCA mbili kwenda jeki mbili za mono za 6.35 mm, kila moja kwenye tundu lake, L na R. Kebo hii ibebe hata kama mwenye spika amekuhakikishia kwamba anayo.

Kwenye mikisa, matundu ya LINE ndiyo ya kontrola. Ukiingia kwenye tundu la MIC bila DI sauti itapasuka hata ukishusha kila kitu, kwa sababu tundu hilo linatarajia ishara ndogo ya maikrofoni. DI inapunguza ishara mpaka kiwango hicho, ndiyo maana DI ndiyo inayoingia kwenye XLR ya MIC. Kwa kontrola na laptopu nunua DI ya transfoma, ile isiyohitaji betri. Ishara yako tayari ina nguvu.

Mvumo wa chini usiokatika, ule wa "mmmm", karibu kila mara unatoka kwenye chaja ya laptopu. Chaja iko kwenye soketi moja, amplifaya iko kwenye nyingine, na ardhi za soketi hizo hazilingani. Umeme mdogo unapita kwenye kebo yako ya sauti kutafuta njia. Jaribu hivi: chomoa chaja, sikiliza. Mvumo ukikatika, umempata mwizi. Chomeka chaja na mikisa kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja na amplifaya. Ukibaki, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye DI, ile iliyoandikwa LIFT. Ukiwa huna DI, piga kwa betri ya laptopu na uchaji wakati wa hotuba.

Kitu kimoja usifanye kamwe: kuvunja au kukwepa ile pini ndefu ya ardhi kwenye plagi ili mvumo ukome. Unaonekana ufundi, na mvumo kweli unakoma. Lakini siku amplifaya ikivujisha umeme, bodi yake ya chuma na nyaya zote zilizounganishwa nayo zinakuwa na volti 240, na anayeshika maikrofoni karibu na midomo ni MC.

Hakuna tundu la pili la kutoa sauti kwa ajili ya spika ya DJ mwenyewe. Kwenye kafunda ndogo haijalishi. Kwenye uwanja, spika zikiwa mita 15 mbele yako, sauti inachelewa kama milisekunde 44 kukufikia, na ukisawazisha mapigo kwa kusikiliza spika hizo utakuwa nje kila mara. Sikiliza nyimbo zote mbili ndani ya hedifoni, au toa sauti ya spika ndogo kutoka kwenye mikisa. Tundu la hedifoni ni la 3.5 mm, kwa hiyo kile kiunganishi cha 6.35 kilichokuja na hedifoni kitoe, ila kifunge kwenye waya usikipoteze. Mikisa za klabu zinakitaka.

Maikrofoni na kwanjula

Tundu la maikrofoni ni la jeki ya 6.35 mm, lina kirungu cha sauti, halina EQ, na halitoi umeme wa maikrofoni za kondensa. Wameboresha jambo moja lililowakera watumiaji wa DDJ-400: sasa sauti ya maikrofoni inaingia pia kwenye kompyuta, kwa hiyo ukirekodi au ukirusha moja kwa moja mtandaoni maneno yako yamo. Kwa DJ anayeita watu kwenye kafunda, inatosha.

Kwa kwanjula haitoshi, na kwanjula ndiyo kazi inayomlisha DJ wa Buganda. Kuna mwogezi (msemaji) wa upande wa wageni na mwogezi wa upande wa wenyeji, kila mmoja na maikrofoni yake, na mara nyingi kuna ya tatu kwa ajili ya wazee. Ndiyo maana tumesisitiza mikisa. Maikrofoni zote ziingie kwenye mikisa, kila moja kwenye njia yake. Kata besi ya chini ya Hz 80 au 100 kwa swichi ya mikisa, na kontrola iingie kama mgeni mmoja tu kwenye njia mbili za LINE. Ukifanya hivi mwogezi anaendelea kusikika hata laptopu ikizima.

Hapa Hot Cue zinalipa bei yake. Makundi ya upande wa bibi harusi yanaingia moja baada ya jingine kusalimia wageni, kila kundi na wimbo wake, kisha ssenga (shangazi), kisha bibi harusi mwenyewe. Hakuna anayengoja utangulizi wa sekunde 40. Kila wimbo wa kuingia uwe na alama tatu: A kwenye kiitikio cha kuingilia, B mahali ngoma inapokolea ili wacheze, C kwenye mstari wa mwisho unaomalizika vizuri. Kundi likiwa kubwa na bado hawajakaa, funga mzunguko wa mapigo 16; kwa wimbo wa 100 kwa dakika hiyo ni karibu sekunde kumi, unaurudia mpaka wa mwisho apige magoti. Kwa nyimbo zilizopigwa kwa mkono zima Quantize (inayovuta kila alama ikae kwenye gridi) na uweke mwanzo na mwisho wa mzunguko kwa kidole, la sivyo utasikika kama sahani iliyokwaruzika.

Omba orodha ya nyimbo siku tatu kabla, na uombe jina la mwimbaji pamoja na jina la wimbo, kwa sababu nyimbo nyingi za harusi zina majina yanayofanana. Panga folda kwa mwendo wa sherehe: kuingia, zawadi, chakula, keki, kucheza. Kidole kimoja kikae kwenye feida muda wote waogezi wanapoongea. Akiinua maikrofoni, muziki ushuke ndani ya sekunde moja. Hapo ndipo wenye sherehe wanapompimia DJ, na hapo ndipo namba yako ya simu inapoombwa.

Umeme

FLX4 inakula umeme wa USB wa volti 5 kutoka kwenye laptopu. Umeme ukikatika amplifaya inanyamaza, lakini kontrola na laptopu zinaendelea, na wimbo uko palepale jenereta inapowaka. Huo ni ubora mkubwa kwa mazingira yetu ukilinganisha na kontrola kubwa zenye adapta yake. Una maana tu kama betri ya laptopu ni nzima. Ipime nyumbani: chomoa chaja, chomeka kontrola, piga nyimbo saa nzima. Isipofika, badilisha betri kabla ya kununua kitu kingine chochote. UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA ni ya laptopu na mikisa tu. Usiiunganishe na amplifaya.

Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni mkono kwenye MASTER, shusha hadi sifuri. Jenereta ikiwaka wakati feida ziko juu, mlipuko wa kwanza unapiga twita, zile spika ndogo za sauti kali, na nyingi hufa hivyo. Kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Kuzima, iwe ya kwanza.

Kwenye laptopu ya Windows zima usingizi wa USB kwenye mipangilio ya umeme, zima Wi-Fi na masasisho, funga kivinjari. Mipangilio ya sauti ya rekordbox ionyeshe DDJ-FLX4; ikibaki kwenye spika za laptopu, hedifoni zitanyamaza na utafikiri mashine imekufa. Sauti ikikatakata kama mvua kwenye mabati, ongeza Buffer Size kutoka 256 hadi 512. Ucheleweshaji unapanda kutoka karibu milisekunde 6 hadi 12, na mkono wa kawaida hausikii tofauti.

Kebo ya USB ifunge kwenye mguu wa meza kwa utepe, ukiacha kitanzi cha sentimita 20. Mtoto akipita na kuivuta, programu inapoteza kontrola na ukumbi wote unanyamaza. Ndiyo maana simu yenye muziki wa saa moja, ikiwa kwenye hali ya ndege, ikae imechomekwa kwenye njia nyingine ya mikisa tangu mwanzo.

Kuhusu viwango vya sauti, ongeza TRIM (kirungu cha kiwango cha kila wimbo) kwenye sehemu yenye kelele kuliko zote ya wimbo mpaka taa za kijani zijae na ya chungwa iguse tu. Nyekundu haiongezi sauti, inaongeza kupasuka. Ukitaka zaidi, panda kwenye amplifaya. Faili mbovu huwezi kuliponya kwa EQ: wimbo uliogeuzwa kutoka video ya mtandaoni unaweza kuandikwa 320 na usiwe hivyo. Programu ya bure ya Spek inakuonyesha; ukiona mstari umekatwa karibu na kHz 16, chanzo chake kilikuwa cha chini. Na nyimbo zenye sauti ya kutangaza tovuti katikati ya ubeti ziondoe zote. Kwenye harusi ya mtu, sauti ile ni matusi.

Dukani

Nenda na laptopu yako yenye rekordbox na nyimbo mbili, na usikubali kujaribu kwa ya muuzaji. Ukichomeka, sehemu ya kupigia ifunguke yenyewe, isipofunguka, iache. Gusa kila pedi. Telezesha kila feida polepole huku ukitazama skrini, isiruke. Weka muziki upande wa kushoto, peleka krosifeida kulia kabisa na upandishe sauti: ukimya uwe kamili. Kasi ikiwa katikati isome 0.00. Sahani iguse juu kisha pembeni, ziitikie tofauti. Sikiliza RCA zote mbili moja moja, masikio yote mawili ya hedifoni, na maikrofoni. Mwisho tikisa kidogo kebo kwenye tundu la USB-C. Ikikatika hata mara moja, mwambie alete nyingine. Ni kazi ya dakika 20. Dai risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato), na namba ya mashine iandikwe juu yake, maana bila hiyo dhamana ni maneno ya mdomo.

DDJ-400 iliyotumika si mbaya kama bei imeshuka vya kutosha. Ina mpangilio uleule, USB ya zamani ya mraba, na maikrofoni yake haiingii kwenye rekodi. Ila feida zake zitakuwa na vumbi letu jekundu la miaka. Zikikwaruza, zipulizie dawa ya kusafishia feida, na si WD-40, ambayo inaacha mafuta yanayokusanya uchafu zaidi. Kama tayari una kazi za harusi kila wiki, ruka zote mbili na utafute DDJ-800 iliyotumika: ina XLR, ina njia ya spika ya DJ, na inachukua maikrofoni mbili. Inahitaji umeme wake wa ukutani, kwa hiyo hapo UPS si hiari tena.